Usikariri "take", sikiliza mkia wake: jibu kwa mdogo wangu wa mapokezi

Swali limetoka kwa dada anayefanya kazi mapokezi kwenye loji moja huko Karatu, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma Kiingereza mpaka form six, barua nikisoma naelewa, nikiandika naandika, ila wageni wakianza kuongea na hii take yao napotea kabisa. Juzi mgeni kanipa suruali kaniambia could you have these taken up for me, nikaitika yes sir nikamwita kijana aipeleke juu chumbani kwake, kesho yake asubuhi anaiulizia, kumbe alitaka ipunguzwe urefu. Meneja akanisema mbele ya watu. Sasa nimedaunlodi list ya frezo vebu mia tano (yani vile vitenzi vyenye kijineno nyuma, kama take off), nazikariri usiku, asubuhi zimeshapotea. Hivi kuna kanuni yoyote au ndo kukariri tu? Na kwenye barua pepe za kazi naruhusiwa kuzitumia?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hiyo suruali. Nataka nianzie hapohapo kwenye suruali kabla ya kanuni yoyote, kwasababu nakuona unaamini Kiingereza chako kibovu na mi sioni hivo. "Take up" ya kupeleka kitu juu ipo na ni sahihi kabisa, mgeni angekupa begi akasema take this up for me, begi lingepanda juu na tipu ungepata. Ila "take up" ikikutana na suruali, sketi au pazia, mara nyingi maana yake inakuwa kupandisha pindo, yani kupunguza urefu. Maneno ni yaleyale mawili, kilichobadilika ni kitu kinachofanyiwa. We ulisikia take up vizuri tu, ulichosahau kuangalia ni suruali yenyewe, na hakuna mwalimu aliyewahi kukwambia uangalie huko. Nimefundisha waongoza watalii na watu wa hoteli Arusha na Moshi miaka 19 sasa na kosa hili hili nimelikuta kwa watu wenye digrii.

Tena hauko peke yako na wala sio jambo la leo. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza pale London, kwenye utangulizi aliandika kabisa kwamba hii tabia ya lugha yao ya kubadilisha maana ya kitenzi kwa kukibandika kijineno nyuma ndo inayowatesa wageni kuliko kitu kingine, na kwenye mifano aliyoitoa mmoja ulikuwa "take off", maana yake akasema ni kuiga. Sio kuvua, sio ndege kupaa, kuiga. Na mpaka leo Mwingereza anaweza akakwambia he takes off the boss brilliantly, anamaanisha jamaa akimuigiza bosi mnacheka mpaka basi. Kwahiyo zaidi ya miaka 260 iliyopita mwenye lugha mwenyewe alishakiri kuwa hapa pagumu.

Sasa nikupe kitu ambacho mimi kilinifungua macho. Jiweke upande wa mzungu anayejifunza Kiswahili. Kamusi imemwambia piga ni hit, basi karidhika, alafu anatoka nje anasikia watu wanapiga simu, wanapiga picha, wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga kura, wanapiga hodi, wanapiga chafya, wanapiga magoti, wanapiga stori, na kwenye gazeti kuna mtu kapiga hela za umma. Anajiuliza hawa watu mbona wanapiga kila kitu. Akihamia kwenye kula ndo anachoka kabisa, maana kuna kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula rushwa, kula bata, na katika hivo vyote hakuna hata kimoja kinachoingia mdomoni. We je, ulishawahi kukaa chini ukakariri list ya piga? Hujawahi. Piga ilikujia imeshikana mkono na mwenzake, ulisikia pigasimu kama kitu kimoja toka ukiwa mtoto, na hukuwahi kujiuliza hapo piga inafanya nini maana hapo piga imeshatolewa utumbo, maana yote inabebwa na simu.

Take nayo ina kundi zima la hivo, na hili kundi ndo jepesi kwahiyo nalipita haraka. Sisi tunapiga picha wao take a photo, sisi tunakula kiapo wao take an oath, sisi tunafanya mtihani wao take an exam, sisi tunajilipua wao take a risk, sisi tunakunywa dawa hata kama ni kidonge na wao take medicine (ndo maana mtu wetu akisema I drank two Panadol mgeni anashtuka kidogo, anaona kama umezikoroga kwenye glasi). Wakati mwingine tunakutana uso kwa uso, it takes two hours ni inachukua masaa mawili, neno kwa neno bila shida. Kwenye kundi hili usihangaike na take hata kidogo, angalia nomino inayofuata, hiyo ndo inaongea.

Kundi linalokutesa ni lile lenye mkia. Off, in, on, up, out, over, down, back, after, to. Na hapa nataka ushike kitu kimoja, ukisahau vingine vyote niachie hiki: Kiingereza kinafanya nyuma ya kitenzi kazi ambayo Kiswahili kinaifanya ndani ya kitenzi. Chukua neno pata. Ukilirefusha likawa patana, sio kupata tena, ni kuelewana. Likawa patikana, ni kuwepo. Mzungu anaona p-a-t-a mbele anadhani ni kitu kilekile, wewe sikio lako linaenda moja kwa moja kwenye ana na ikana kule mwishoni. Au funga na fungua, herufi moja tu imeongezeka na mlango ambao ulikuwa umefungwa sasa uko wazi. Sisi tumezoea kusikiliza tumbo na mkia wa neno, ni kipaji tunacho kabisa, alafu tukija kwenye Kiingereza tunakiacha mlangoni tunaanza kung'ang'ania take, take, take, wakati take ndo sehemu isiyokwambia chochote.

Jaribu na in. In ni ndani, unaijua. Umeanika nguo mvua inakuja, mtu anapiga kelele take in the washing, yani anua nguo (ona, sisi tunalo neno moja zuri kabisa anua, wao wanahitaji mawili). Gauni limekupwaya unampelekea fundi alibane, take in the dress, kitambaa kinaingizwa ndani ya mshono. Familia imempokea mtoto wa marehemu jirani ikamlea, they took him in, kaingizwa ndani ya nyumba. Mwongozaji ametoa maelezo mengi kuhusu kreta mgeni anakwambia that's a lot to take in, yani mengi sana hayawezi kuingia kichwani kwa mpigo. Na mwisho mtu katapeliwa kiwanja anasema I was taken in. Wanafunzi wangu hii ya mwisho huwa wanaikataa, wanasema mwalimu hapo in inahusiana vipi na kutapeliwa, ndo nawauliza, je sisi tunasemaje mtu akitapeliwa? Kaingizwa mjini. Kaingizwa mkenge. Darasa zima linanyamaza alafu linalipuka. Kuingizwa ni kuingizwa tu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kuanzia hapo hakuna anayeisahau tena.

Lakini ukiangalia vizuri hapo sijasema ungeweza kuibahatisha mwenyewe. Mkia haukwambii maana kabla hujaijua, unakusaidia uishike ukishaambiwa. Walimu wengine wanawaahidi watu kwamba off maana yake hivi na up maana yake vile, ukishajua hizo kumi umemaliza, sio kweli na inawaumiza watu, wanaenda kubahatisha mbele ya mgeni wanaaibika. Kazi ya mkia ni kuwa kulabu. Ukishaambiwa kwamba take after ni kufanana na mzazi, ile after, nyuma, inakuwa kulabu yako, maana hata sisi tunasema huyu mtoto kamfuata baba yake, na kumfuata mtu si kuwa nyuma yake? Tena sisi tunasema pia kachukua sura ya mama yake, hapo tunatumia take yenyewe kabisa.

Off we mtu wa hoteli unaijua kuliko unavyodhani maana kila wiki unasema kesho nipo ofu. Ofu ni kutengana na kazi. Basi take a day off ni kuchukua hiyo ofu, take off your shoes ni viatu kutengana na miguu, the plane took off ni ndege kutengana na ardhi, take ten dollars off ni kuitenganisha dola kumi na bei, yani punguzo. Na biashara ikisemwa imetake off ni ile sisi tunasema imechanganya, imeachana na ardhi inapaa. On ni mzigo juu ya mgongo, take on extra work ni kujibebesha kazi ya ziada, we're taking on staff for the high season ni kuajiri, ndo tangazo unaloliona kabla ya mwezi wa sita, na timu mbili zikikutana magazeti yao yanaandika Arsenal take on Chelsea. Back ni kurudi na I take it back ni ile ya bungeni kabisa, nafuta kauli.

Over niitolee onyo. Ukiingia shifti saa kumi na mbili ukamwambia mgeni I've just taken over from my colleague, safi sana, umepokea zamu. Ila kuna dereva mmoja mwanafunzi wangu alikuwa na lori mbele yake kwenye kona za kupanda Ngorongoro akawaambia wageni wake don't worry I will take over that lorry. Wageni walitazamana, maana alichosema ni kwamba ataenda kulishika lile lori aliendeshe yeye. Alitaka kusema overtake, ile yetu ya kuovateki. Overtake na take over zina vipande vilevile viwili, ila kijineno kikikaa mbele na kikikaa nyuma ni vitu viwili tofauti kabisa na havibadilishani.

Up ndo kubwa lao, ndo iliyokuangusha. Suruali tumeimaliza. Take up golf ni kuanza kuucheza huo mchezo, kuufanya uwe wako. This table takes up a lot of space, sisi tunasema meza inakula nafasi, na it takes up my time inakula muda wangu, ona kula imerudi tena. Na iko moja utaisikia sana mapokezi, we umemwambia mgeni tunaweza kukuandalia pikiniki kwenye kreta anakujibu I might take you up on that. Usimpeleke juu. Anasema ofa yako ameipenda na huenda akaikubali, kwahiyo unamjibu lovely, just let me know by this evening, umemaliza.

Out iko wazi zaidi, mtu akimtoa mwenzake auti ni he took her out, sisi wenyewe tumeiazima auti hapo, mkopo unautoa benki ni take out a loan. Alafu kuna take it out on someone, hii nakupa kwa ajili ya jana yako maana nahisi meneja siku ile alikuwa na mengine yake, he took it out on you, hasira zake kakumalizia wewe. Kuna na ndugu yake anayefanana naye sana, took it out of me, hiyo ina hadithi. Mwongozaji mmoja alikuwa anashuka na mteja wake Kilimanjaro, wametoka kileleni pale mita 5,895 wanaelekea geti la Mweka, mteja magoti yanatetemeka anasema that summit night really took it out of me. Kijana akasimama akauliza sir, what did they take, we can report. Alidhani kaibiwa. Mteja alikuwa anasema tu ule usiku umenimaliza, umeninyonya nguvu zote.

Hiyo "it" inawasumbua watu sana kwasababu wanatafuta it ni nini. It hapo haina jina, ni ileile ya kwetu tunaposema jamaa kayatimba, au kayakoroga atayanywa, au yamemkuta. Ya- ni nini hapo? Mambo, lakini hakuna anayeyataja, kila mtu anajua. Umezaliwa na ya- isiyo na jina na hujawahi kupata shida nayo, basi it ya took it out of me ipokee hivohivo.

Sasa kanuni, maana uliuliza kama ipo. Ipo moja ya uhakika na haihusu maana, inahusu mahali pa kukaa. Kwenye frezo vebu nyingi zenye off, in, up, out, down, back, over, kitu kinachofanyiwa kinaweza kukaa nyuma au katikati, take off your shoes, take your shoes off, zote sawa. Ila ukiondoa jina ukaweka kiwakilishi, yani them, it, him, her, lazima kikae katikati. Take them off. Hakuna take off them, hiyo mwenye lugha hasemi hata akiwa usingizini. Nyingine hazitenganishwi kabisa, she takes after him, huwezi kusema she takes him after, na take to ni hivohivo, the children took to her ni watoto wamempenda mara moja, damu zimeendana. Kwahiyo ukijifunza mpya yoyote, usiiandike kavu take off, iandike na them au him ndani yake, take them off, take after him, hapo kanuni umeshaimeza bila kujua, na mtu akikuuliza kwanini utasema tu inasikika vibaya ikiwa vinginevyo, kama ambavyo huwezi kueleza kwanini "kitabu kizuri" na sio "kitabu zuri" bila kuanza kukuna kichwa.

Na masikio. Hili nadhani ndo tatizo lako kubwa kuliko msamiati kwasababu umesema ukisoma unaelewa. Mwingereza hasemi take, anapumua, it, anapumua, off. Anaunganisha, k ya take inarukia kwenye i ya it, t ya it inarukia kwenye o ya off, unachosikia ni teikitof, neno moja ambalo halimo kwenye kamusi yoyote. Took it out inakuwa tukitaut. Taken up inakuwa teikenap. Habari njema ni kwamba kwenye hizi zinazotenganishwa, ukiweka kiwakilishi katikati mkazo unakwenda kwenye mkia, teikitOF, tukitAUT, sauti inapanda pale pale kwenye kijineno unachokihitaji. Kwahiyo wakati mgeni anaongea usikimbizane na mwanzo wa neno, subiri pale sauti inapopanda. Nomino zake zinafanya kinyume, mkazo unahamia mbele, TEIKof ni ule mpao wa ndege, TEIKawei ndo hii tekawei yetu ya chipsi kuku, na ukiangalia unazo nyingi umeshazimeza siku nyingi tu, pikapu, mekapu, nokauti, teki-homu ya mwisho wa mwezi. Zote hizo zilikuwa vitenzi na mkia wake. (Mmarekani hatasema takeaway, atasema takeout au to go, wageni wako wa Marekani usishangae.)

Kuhusu barua pepe inabidi nikurudishe nyuma kidogo sana na hapa naomba univumilie maana hii sehemu naipenda. Take lenyewe sio neno la asili la Waingereza. Neno lao la zamani la kuchukua lilikuwa niman, Wajerumani wao bado wanalo, nehmen. Wakaja watu wa Skandinavia kwa mashua, uvamizi wao unaojulikana sana ni ule wa kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793, wengi baadaye wakahamia na kuoa na kulima, na lugha yao ikaacha neno lao "taka", yani kuchukua, ndo take hii. Take ikaisukuma niman mpaka ikafa, imebaki mabaki tu, numb, yani ganzi, ambayo asili yake ni "iliyochukuliwa", kiungo kimechukuliwa hisia. Alafu mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, na nyuma yake Kilatini cha kanisa na shule, hao wakaleta remove, resemble, deceive, postpone, tolerate. Kwahiyo Kiingereza cha Mwingereza kina ghorofa mbili, chini kuna take off, take after, take in, put off, put up with, hizo za jikoni na za mama, juu kuna remove, resemble, deceive, postpone, tolerate, za ofisini na mahakamani. Sisi tuna kaharufu ka hivo pia, ngoja na subiri ni kitu kimoja ila ngoja ni ya nyumbani na subiri ya Kiarabu inavaa shati, ndo maana kwenye kaunta utasema tafadhali subiri na kwa mdogo wako ngoja kwanza.

Unaona tatizo letu limetoka wapi? Sisi Kiingereza tumekipata kwa kuanzia juu, kwenye kitabu. Mtoto wa Tanzania anajua tolerate na postpone kabla hajawahi kusikia put up with na put off, wakati mtoto wa Manchester amekua na put up with mdomoni na tolerate kaja kukutana nayo shuleni. Ndo maana unaandika barua nzuri kuliko wageni wako wengine alafu wakifungua mdomo unapotea. Hukuwa mvivu, ulipandishwa ghorofani bila kupitishwa chini.

Kwahiyo kwenye barua pepe, ndio unaruhusiwa, na wakati mwingine ndo inatakiwa. Ile sentensi rasmi kuliko zote ya kumalizia, we look forward to welcoming you, ni frezo vebu mtupu, na angalia hapo ni to welcoming, sio to welcome, hilo kosa naliona kwenye barua za hoteli kubwa kabisa. We will take care of your transfer, safi. Our driver will pick you up at the airstrip, safi, na ukiandika collect you from nayo sio kosa. Ila barua ya malalamiko, ya pesa, ya ajali, panda juu, andika cancel, refund, postpone, maana take na put na get zina maana nyingi na kwenye pesa hutaki neno lenye maana nyingi. Na zile za mtaani kama take the mickey, ya Waingereza kumfanyia mtu utani, ukiisikia ielewe, kwenye barua ya kazi usiiguse.

List yako ya mia tano ifute leo. Nakwambia hivo kwa moyo wote maana najua umeisumbukia. Imepangwa kwa alfabeti na kichwa hakiweki vitu kwa alfabeti, take down na take in na take off zikikaa pamoja zinakulana zenyewe. Badala yake chukua daftari, kila ukurasa uwe mahali, kaunta, simu, chumba, gari, nguo. Kwenye ukurasa wa nguo weka sentensi nzima na mtu ndani yake, my skirt is too long, can you take it up, alafu the waist is too big, can you take it in, na ile ya kinyume chake nimenenepa inanibana can you let it out. Tano kwa wiki zinatosha kabisa, na zichukue kutoka midomoni mwa wageni, usiku ukifika nyumbani andika moja uliyoisikia mchana na nani alisema akiwa ameshika nini mkononi. Hicho alichokuwa ameshika mkononi ndo nusu ya maana, suruali imeshakufundisha.

Na ukiwa huna uhakika, uliza, kuuliza vizuri ni sehemu ya huduma na mgeni anaona unajali. Usiulize what do you mean, inasikika kama unamgombeza. Rudia neno lake na uweke tafsiri yako mkiani, taken up, so a bit shorter? Akikubali, unamalizia how much would you like them taken up, atakuonyesha kwa vidole, sentimita mbili, tatu, we chomeka pini palepale mbele yake umpe kijana aipeleke kwa fundi.